Rojo la pilipili kavu la Mexico: Namna ya kulipika nyumbani na hatari mbili za kuepuka

Busiu ni mji mdogo wa biashara ulio kusini mwa jiji la Mbale, kando ya barabara iendayo Tororo, mashariki mwa Uganda. Kama ilivyo katika masoko mengi ya ukanda huo, pilipili si bidhaa ya kushangaza. Huuzwa kwa mafungu, mbichi au kavu, pembeni ya nyanya na vitunguu, na Waganda wengi huiita kamulali. Inapofika jikoni, kwa kawaida hupewa kazi moja tu, nayo ni kuwasha.

Nchini Mexico, kazi ya pilipili ni pana zaidi. Pilipili kavu hupashwa moto bila mafuta, hulowekwa, husagwa na kukaangwa hadi iwe rojo zito jekundu. Rojo hilo haliongezwi mezani kwa ajili ya ukali. Ndilo msingi wa chakula chenyewe: hupakwa nyama kabla ya kuchomwa, hutiwa katika maharage, na huyeyushwa kuwa mchuzi.

Hakuna katika rojo hilo kitu ambacho mpishi wa Busiu hawezi kukipata. Hata hivyo, lipo jambo ambalo maelezo mengi ya mapishi ya aina hii huliacha. Rojo la pilipili kavu linaweza kumdhuru mlaji kupitia njia mbili, yaani pilipili inapokaushwa vibaya na rojo linapohifadhiwa vibaya. Katika njia zote mbili, sumu inayohusika inaweza kuwamo ndani ya chakula bila kubadili ladha wala harufu yake.

Mmea mgeni wenye jina la mwenyeji

Pilipili inayowasha si mmea wa asili ya Afrika. Mimea ya jenasi ya Capsicum ilitoka katika mabara ya Amerika, na spishi inayolimwa zaidi duniani, Capsicum annuum, ilianza kulimwa katika eneo la Mexico maelfu ya miaka iliyopita. Christopher Columbus alifika visiwa vya Karibi mwaka 1492, na baada ya hapo mmea huo ukavuka bahari ya Atlantiki. Mabaharia wa Kireno, ambao Vasco da Gama alikuwa amewafungulia njia ya Mombasa na Malindi mwaka 1498, ndio wanaotajwa kuusambaza katika pwani za Afrika na India.

Neno pilipili lenyewe lina umri mkubwa kuliko mmea huo. Lina undugu na neno filfil la Kiarabu na pippali la Kisanskriti, na awali lilihusu viungo vitokavyo India. Kile cheusi, kinachosagwa na kutiwa katika pilau, Waswahili hukiita pilipili manga, yaani pilipili ya Manga, jina la zamani la Uarabuni. Mmea mgeni ulipofika ukarithi jina la mwenyeji. Wahispania nao walifanya vivyo hivyo: waliutohoa kutoka katika neno lao la pilipili manga, pimienta, wakauita pimiento. Wamexico walibaki na neno chile, ambalo asili yake ni Kinahuatl, lugha ya Waazteki.

Rojo hilo ni la namna gani?

Hakuna rojo moja la Mexico, bali ipo familia nzima. Adobo ni rojo la pilipili kavu, kitunguu saumu, viungo na siki, linalotumiwa kulowekea nyama. Mole, kutokana na neno la Kinahuatl lenye maana ya mchuzi, ni tata zaidi na mara nyingi huwa na karanga, ufuta, mdalasini na karafuu. Katika rasi ya Yucatán lipo rojo jekundu liitwalo recado rojo, ambalo rangi yake hutokana na mbegu za mzingifuri, mti ambao pia hulimwa Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya. Mwaka 2010, UNESCO iliviingiza vyakula vya jadi vya Mexico katika orodha yake ya urithi wa kitamaduni usioshikika.

Wamexico hutofautisha pilipili mbichi na pilipili kavu kiasi cha kuzipa majina mawili. Pilipili iitwayo poblano ikikauka huitwa ancho, neno la Kihispania lenye maana ya pana. Ile iitwayo chilaca ikikauka huwa pasilla, kutokana na neno la zabibu kavu, kwa sababu ya weusi na mikunjo yake. Jalapeño ikiiva na kukaushwa kwa moshi huwa chipotle, jina la Kinahuatl linalounganisha pilipili na moshi. Maana ya desturi hiyo ni kwamba kukausha hakuhesabiwi kuwa njia ya kuhifadhi tu. Hutoa kiungo kipya, chenye utamu, ugwadu na harufu ambavyo pilipili mbichi haina.

Wakazi wa miteremko ya Mlima Elgon hawahitaji kuelezwa jambo hilo kwa kirefu. Malewa, chakula maarufu cha Wagisu, ni machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi kabla ya kupikwa kwa karanga za kusaga. Ladha ya moshi ndiyo inayoyapa hadhi yake, na hakuna anayeyachukulia kama mianzi iliyozeeka.

Kwa nini pilipili huwasha, na kwa nini hesabu ni muhimu

Kinachowasha ni kemikali iitwayo kapsaisini. Wengi huamini kwamba imo ndani ya mbegu, lakini hutengenezwa zaidi katika utando mweupe unaozishikilia mbegu hizo. Mwaka 2021, mwanasayansi wa Marekani David Julius alikuwa miongoni mwa washindi wawili wa Tuzo ya Nobel ya tiba. Alikuwa ameitumia kapsaisini kugundua kihisi cha neva kinachoutambulisha mwili kuwa umeguswa na joto kali. Kapsaisini hukiamsha kihisi hicho hata pasipo moto, ndiyo maana mlaji huhisi kuungua ilhali ulimi wake haujaungua.

Kemikali hiyo huyeyuka vizuri katika mafuta na kwa shida sana katika maji. Kwa sababu hiyo, kunywa maji hakumsaidii aliyezidiwa na ukali. Maziwa humsaidia zaidi. Ni kwa sababu hiyo pia mikono iliyoshika pilipili hutakiwa kupakwa mafuta kidogo ya kupikia kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

Ukali hupimwa kwa kipimo kilichobuniwa mwaka 1912 na mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville. Katika kipimo hicho, guajillo, mojawapo ya pilipili kavu zinazotumiwa zaidi kwa rojo la Mexico, huwa kati ya 2,500 na 5,000. Pilipili kichaa, ile ndogo iliyochongoka inayolimwa kwa wingi Afrika Mashariki, hufikia kati ya 50,000 na 100,000. Tofauti hiyo ya takriban mara 20 ndiyo inayowaangusha wanaonakili mapishi ya kigeni kwa kuhesabu pilipili moja kwa moja. Mahali panapotakiwa guajillo kumi, pilipili kichaa kumi zitatoa chakula kisicholika.

Ufumbuzi ni kugawanya kazi. Rangi, uzito na utamu vitoke kwa pilipili hoho, ile kubwa isiyowasha, iliyoachwa shambani hadi ikaiva na kuwa nyekundu. Ukali utoke kwa pilipili kichaa mbili au tatu tu.

Kukausha: somo lililomo tayari katika kahawa

Wilaya zinazouzunguka Mlima Elgon zinajulikana kwa kahawa ya arabika, na chama cha ushirika cha Bugisu, kilichoanzishwa mwaka 1954, kimekuwa na jina kubwa katika zao hilo. Mkulima wa kahawa anajua kwamba buni iliyoanikwa juu ya udongo hunyonya unyevu na kuota ukungu, na kwamba kichanja kilichoinuliwa juu ya ardhi huruhusu hewa kupita chini na juu. Anajua pia kwamba buni ikinyeshewa baada ya kuanza kukauka, thamani yake hushuka. Kanuni hizo zote zinahusu pilipili vilevile.

Miezi inayofaa zaidi Mbale na viunga vyake ni Desemba hadi Februari, wakati mvua zinapopungua. Pilipili kichaa huanikwa nzima. Pilipili hoho ina ukuta mnene na maji mengi. Ikianikwa nzima huoza kabla ya kukauka. Kwa hiyo hupasuliwa, huondolewa mbegu na kukatwa vipande vyembamba vya upana wa sentimita moja hivi. Kilo moja ya hoho iliyosafishwa hubaki gramu mia moja au pungufu ikishakauka. Jioni, pilipili zote huingizwa ndani au hufunikwa, kwa kuwa umande wa usiku huweza kuharibu kazi ya mchana mzima.

Pilipili iliyokauka kwa ajili ya rojo hutoa sauti inapotikiswa na huvunjika inapokunjwa. Ile inayokunjika kama ngozi bado ina maji, na haifai kufungiwa katika chombo.

Hatari ya kwanza imo hapa. Kuvu wa jamii ya Aspergillus huota katika mazao yenye unyevu na kutoa sumukuvu, ambayo kitaalamu huitwa aflatoksini. Sumu hiyo hudhuru ini, na kuila kidogo kidogo kwa miaka mingi huongeza uwezekano wa kupata saratani ya ini, hasa kwa watu wenye maambukizi ya homa ya ini aina ya B. Ikiliwa kwa wingi kwa wakati mmoja huua. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yaliyokuwa na sumukuvu.

Pilipili haliwi kwa wingi kama mahindi, lakini ni miongoni mwa viungo vinavyoshambuliwa sana. Umoja wa Ulaya hauruhusu pilipili kavu yenye aflatoksini inayozidi mikrogramu 10 kwa kila kilo. Jambo la kukumbukwa jikoni ni kwamba joto la kawaida la kupikia haliiondoi sumu hiyo. Kuosha, kukaanga wala kuchemsha hakuwezi kuisafisha pilipili iliyokwisha kuharibika.

Hapo ndipo desturi ya Mexico inapokuwa na faida isiyotarajiwa. Kabla ya kupika, mpishi huivunja kila pilipili, huondoa kikonyo, hukung'uta mbegu na kutazama ndani. Lengo ni kupunguza ukali na uchungu, lakini kitendo hicho hicho ni ukaguzi. Mara nyingi ukungu huanzia ndani ya tumbo la pilipili, karibu na mbegu, huku ganda la nje likiwa bado linang'aa. Utandu wa kijivu, wa kijani au mweusi unatosha kuifanya pilipili hiyo itupwe. Iwapo nyingi katika mfuko mmoja zina dalili hizo, mfuko mzima hautumiwi.

Ukaguzi kwa macho hauthibitishi kuwa sumu haipo kabisa, kwani ni maabara pekee inayoweza kuipima. Hata hivyo, huziondoa pilipili zenye dalili za wazi, jambo ambalo haliwezekani tena zikishasagwa kuwa unga.

Unga huficha mengine pia. Mwaka 2003, mamlaka za Ulaya ziligundua kwamba pilipili ya unga iliyoingizwa sokoni ilikuwa imetiwa Sudan I, rangi ya viwandani inayotumiwa katika bidhaa kama nta na kiwi cha viatu, na ambayo inashukiwa kusababisha saratani. Miaka miwili baadaye, nchini Uingereza, zaidi ya bidhaa 400 za vyakula ziliondolewa madukani kwa sababu ya unga wa pilipili wenye rangi hiyo. Si rahisi kumdanganya mnunuzi wa pilipili nzima kwa njia hiyo.

Hatua kwa hatua

Vipimo vifuatavyo hutoa rojo linalozidi kidogo kikombe kimoja, kiasi kinachotosha kilo tatu au nne za nyama. Vinahitajika gramu 50 za pilipili hoho nyekundu iliyokaushwa, pilipili kichaa kavu mbili, punje nne za kitunguu saumu, kitunguu maji kidogo kimoja, nyanya moja iliyoiva, robo kijiko cha chai cha bizari nyembamba, punje tano za pilipili manga, karafuu mbili, kijiti kidogo cha mdalasini, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, vijiko vitatu vya chakula vya siki na vijiko vitatu vya mafuta ya kupikia.

Kwanza, pilipili hufutwa vumbi kwa kitambaa kikavu na kukaguliwa moja moja. Pilipili kichaa hupasuliwa kwa mkasi na kuondolewa mbegu pamoja na utando mweupe. Glavu zikikosekana, mfuko safi wa plastiki uliovaliwa mkononi hufaa, na macho yasiguswe.

Pili, kikaango kikavu huwekwa juu ya moto wa wastani. Vipande vya hoho hupashwa moto kwa sekunde 10 hadi 20 kila upande, vikikandamizwa kwa mwiko, hadi vitoe harufu na rangi yake ibadilike kidogo. Pilipili kichaa huhitaji muda mfupi zaidi. Hatua hii ndiyo huamua ubora wa rojo. Pilipili ikishakuwa nyeusi huwa chungu, na uchungu huo hauondoki kwa sukari wala chumvi. Iliyoungua hutupwa na nyingine hupashwa badala yake. Moshi wake hukereketa koo na mapafu, hivyo ni vyema kazi hiyo ifanyike nje au penye hewa ya kutosha, mbali na watoto wachanga na watu wenye pumu.

Tatu, pilipili hutiwa katika bakuli, humiminiwa maji ya moto na kukandamizwa kwa kisahani ili zizame. Baada ya dakika 20 hadi 30 huwa laini. Maji hayo huonjwa: yakiwa matamu hutumika katika kusaga, yakiwa machungu humwagwa na kubadilishwa kwa maji safi yaliyochemshwa.

Nne, wakati pilipili zinalowa, kitunguu saumu kikiwa bado na maganda, kitunguu maji kilichokatwa mara mbili na nyanya nzima huchomwa juu ya kikaango kile kile hadi vilainike na kupata mabaka meusi. Kisha maganda ya kitunguu saumu huondolewa. Viungo vikavu hupashwa moto kwa muda mfupi mwishoni na kusagwa.

Tano, vyote husagwa pamoja na siki, chumvi na maji kidogo. Wamexico wa zamani walitumia metate, bamba la jiwe la volkano lenye miguu mitatu, na wengine hulitumia hadi leo. Blenda huharakisha kazi hiyo, lakini kinu na mchi au jiwe la kusagia hutoa matokeo yale yale kwa anayevumilia. Rojo hupitishwa katika chungio ili kuondoa maganda magumu.

Sita, mafuta hupashwa moto katika sufuria yenye kina, rojo hutiwa na kukorogwa kwa dakika nane hadi kumi. Huruka linapochemka, kwa hiyo kifuniko kiwe karibu. Maji yanapopungua, rangi hukolea, mwiko huacha njia chini ya sufuria, na mafuta mekundu huanza kujitenga pembeni. Hiyo ndiyo dalili ya kuwa limeiva. Kapsaisini na rangi ya pilipili zimeyeyuka katika mafuta, na ladha imeenea kote. Wapishi wa pilau na wa vyakula vyenye asili ya Kihindi wanaifahamu dalili hiyo, kwani ndiyo hiyo hiyo huonyesha kuwa viungo vimekaangika.

Kuhifadhi: hatari isiyoonekana kabisa

Hatari ya pili huanza pale jiko linapozimwa. Katika udongo wa nchi nyingi duniani wamo bakteria waitwao Clostridium botulinum, ambao mbegu zao hustahimili maji yanayochemka. Mbegu hizo hushikamana na mazao yanayokua ardhini, kitunguu saumu kikiwa mojawapo. Zikiwekwa mahali penye unyevu, pasipo hewa, pasipo ugwadu wa kutosha na penye joto la kawaida la chumbani, huamka na kutoa sumu inayopooza misuli. Mafuta yanayofunika chakula huzuia hewa, na hivyo huwapa bakteria hao mazingira wanayoyataka.

Mwaka 1985, mjini Vancouver, Canada, watu 36 waliugua ugonjwa huo, uitwao botulizimu, baada ya kula katika mkahawa chakula kilichotiwa kitunguu saumu kilichohifadhiwa ndani ya mafuta bila kuwekwa kwenye jokofu. Dalili zake ni kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, ugumu wa kumeza na wa kuzungumza, kisha udhaifu unaoshuka mwilini hadi kufikia misuli ya kupumulia. Mwenye dalili hizo anapaswa kufikishwa hospitalini bila kuchelewa.

Kwa hiyo, desturi ya kujaza rojo katika chupa, kulimiminia mafuta juu na kuliacha rafuni kwa wiki kadhaa haifai. Siki huongeza ugwadu na hupunguza hatari, lakini ugwadu unaowazuia bakteria hao, yaani pH isiyozidi 4.6, hauwezi kukadiriwa kwa ulimi. Njia salama nyumbani ni kulipoza rojo haraka, kulitia katika chupa safi yenye kifuniko, kuliweka kwenye jokofu na kulimaliza ndani ya wiki moja. Kwenye friza, likigawanywa katika mafungu madogo, hudumu kwa miezi kadhaa. Kijiko kinachochota kiwe kikavu na safi.

Na kwa familia isiyo na jokofu, au ambayo umeme wake hukatika mara kwa mara? Jibu lake liko katika pilipili yenyewe. Pilipili iliyokauka barabara na kufungiwa katika chombo kikavu, mbali na mwanga, hudumu kwa miezi mingi. Hiyo ndiyo ghala. Rojo hupikwa kidogo, kwa kiasi cha mlo wa siku hiyo, na linalobaki haliachwi juu ya meza hadi kesho.

Linatumiwa vipi?

Vijiko vinne vya chakula hutosha kilo moja ya nyama ya mbuzi au kuku. Nyama hupakwa, huachwa mahali pa baridi kwa saa kadhaa, kisha huchomwa au hupikwa kwa moto mdogo. Samaki, kama sato wa ziwa Viktoria anayeuzwa Jinja, huhitaji nusu saa tu, kwa kuwa siki hubadili nyama yake mapema. Kijiko kimoja kilichokorogwa katika sufuria ya maharage hubadili rangi na harufu ya chakula kizima.

Matumizi yaliyo karibu zaidi na mila ya mahali ni kulichanganya rojo na karanga za kusaga. Mchuzi unaotokea unafanana na baadhi ya aina za mole, na hilo si ajabu. Karanga, kama pilipili, ni zao la mabara ya Amerika lililoletwa Afrika, ambapo ufuta, au simsim kama uitwavyo na Waganda, ulisafiri upande wa pili na kuingia katika mole ya Mexico. Mpishi wa Mbale anayetia karanga katika mchuzi wake na mpishi wa Puebla anayenyunyiza ufuta juu ya wake, kila mmoja ana zao la mwenzake mkononi.

Kutoka jikoni hadi sokoni

Kwa mkulima, suala hili halihusu ladha pekee. Pilipili mbichi ya Afrika inayopelekwa Ulaya imekabiliwa na masharti maalumu tangu Januari 2018, kwa sababu ya nondo mharibifu ajulikanaye kitaalamu kama Thaumatotibia leucotreta, ambaye kiwavi wake hujificha ndani ya tunda. Pilipili isiyouzwa kwa wakati huoza. Kuikausha humpa mkulima nafasi ya kusubiri bei, lakini humkabidhi mtihani mwingine, ule wa sumukuvu.

Anayefikiria kuuza rojo lenyewe ana hatua nyingine ya kupitia. Chakula cha chupa kinachokaa dukani kinahitaji kupimwa ugwadu wake na kutayarishwa kwa utaratibu unaothibitika, na nchini Uganda viwango vya bidhaa husimamiwa na shirika la viwango la taifa, UNBS. Mapishi ya nyumbani, hata yakiwa matamu kiasi gani, hayachukui nafasi ya vipimo hivyo.

Kwa mlo wa nyumbani, yanayotakiwa ni machache: kichanja kilichoinuliwa juu ya ardhi, pilipili inayovunjika inapokunjwa, na mpishi aliye tayari kuipasua kila moja na kutazama ndani kabla ya kuiweka motoni.